Kulima mahindi ya haibridi kwenye shamba kavu la Ukambani, mwongozo kamili kuanzia mbegu hadi gunia

Mwongozo huu nauandikia mkulima wa Machakos ya chini, Makueni, Kitui, Mwingi, Kibwezi, sehemu zile mvua inakuja wiki chache inamwaga kila kitu alafu inapotea mpaka msimu mwingine, na bado nyumbani watu wanataka isyo na muthokoi, vyakula vya mahindi vya Kikamba, na ugali wa shamba lao. Inawezekana. Lakini inataka mbegu inayoelewana na mvua yako, na inataka kazi nyingi ifanywe kabla tone la kwanza halijaanguka, na hapo ndio wengi wanapotezea msimu, sio jua peke yake.

Anza na hesabu ya siku

Kabla hujaenda agroveti jiulize mvua ya kwenu inakaa siku ngapi. Ukambani mvua ya kutegemea ni ya vuli, ile ya Oktoba hadi Disemba. Ya masika inasumbua zaidi, kwa hivyo pesa yako kubwa ya mbegu na mbolea weka kwa vuli, masika panda mahindi kidogo na nguvu zingine zipeleke kwa ndengu, kunde na mtama.

Sasa tuchukue mfano. Mvua imeanza tarehe 1 Novemba na kwenu kawaida inakatika kati ya 15 na 20 Disemba. Hizo ni siku 45 hadi 50. Ongeza wiki moja au mbili za unyevu unaobaki ndani ya udongo kama umeutunza, unapata kama siku 60. Mahindi yako yanafaa yawe yametoa maua ndani ya hizo siku, kwa sababu punje ikishashika inaweza kumalizia na unyevu mdogo hata kama itakuwa nyepesi kidogo, lakini ua likikosa maji hakuna kitu kitabaki cha kumalizia.

Hii ya maua nataka uielewe vizuri maana ndio siri yote ya kulima mahindi mahali pakavu. Mbelewele, lile ua la juu, ndio inatoa unga wa kiume. Nywele zinazotoka kwa hindi ndio njia ya unga kuingia, na kila unywele mmoja unaenda kwa punje moja. Mmea ukiwa na maji, mbelewele inamwaga unga na nywele zinatokea karibu wakati huo huo. Mmea ukikosa maji, mbelewele inatoka kwa wakati wake kama kawaida lakini nywele zinachelewa, siku tatu, tano, wakati mwingine zaidi, na zikija kutokea unga umeisha kupeperuka. Ndio maana unaona shamba lina mabua mazuri ya kijani, ukimenya hindi unapata gunzi lenye punje kumi na mbili zimetawanyika kama meno ya mtoto. Watu wanasema mbegu ilikuwa mbaya, kumbe ni ile wiki moja ya kiu.

Mbegu zinazostahimili ukame zinachaguliwa kwa hio tabia hasa. Pale Kiboko, Makueni, CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano) na KALRO (shirika la utafiti wa kilimo la Kenya) wanapanda maelfu ya aina wakati wa kiangazi, wanazinyweshea mpaka karibu na maua alafu wanafunga maji, wanaangalia ni zipi bado zinatoa nywele kwa wakati na kushika punje. Zinazoshindwa zinatupwa. Kwa hivyo ukinunua mbegu iliyopita kwa mchujo kama huo unanunua mmea ambao umeshanyimwa maji makusudi ukaishi.

Kuchagua mbegu yenyewe

Kuna njia mbili za mahindi kupambana na ukame na usizichanganye. Kuna yanayoukimbia, yaani yanaiva mapema kabla mvua haijaisha, na kuna yanayouvumilia, yanakaa muda wa kati lakini yanahimili wiki mbili za jua bila kufa. Kwa sehemu kavu kabisa unataka yanayokimbia kwanza.

Haibridi za kampuni ya Kenya Seed za ukanda mkavu ni DH01, DH02 na DH04, hizi zimetengenezewa maeneo ya mita 900 hadi 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na zinakomaa kwa miezi 3 hadi 4. SC Duma 43 ya kampuni ya SeedCo nayo imependwa sana Ukambani, ni ya mapema, karibu miezi 4. Kwa hao SeedCo ukubwa wa mnyama na namba inakupa picha ya muda, Duma 43 ya mapema, Simba 61 inachelewa zaidi, Tembo 73 ni ya watu wa juu wenye mvua ndefu. Alafu kuna zile za DroughtTEGO zilizotoka kwa WEMA, mradi wa mahindi yanayotumia maji vizuri ulioanza 2008, ya kwanza Kenya ilitolewa 2013, hizi ni za kuvumilia na zinafaa zaidi kama kwenu kuna mvua ya wastani inayokatikakatika.

Kile sitaki kuona ni mtu wa Kibwezi amebeba H614 kwa sababu binamu yake wa Kitale amevuna magunia 30. H614 ni ya mita 1,500 hadi 2,100 na inataka miezi 6 hadi 9. Kitale iko na hio mvua, Kibwezi haina, na hakuna mbolea inaweza kubadilisha hilo.

Na hili nalo linaulizwa kila siku, haibridi sio GMO, yaani sio mahindi yaliyobadilishwa jeni. Haibridi ni mahindi ya mama na mahindi ya baba yaliyopandwa safu kwa safu, mbelewele za mama zinang'olewa zote kwa mkono ili apate unga wa baba peke yake, mbegu inayotoka kwa mama ndio unauziwa. Ile nguvu unayoiona ni ya kizazi cha kwanza tu. Ukiweka akiba ya punje zako za mavuno ukazipanda tena, watoto wanatoka kila mmoja na tabia yake, huyu mrefu huyu mfupi, huyu anatoa ua leo huyu wiki ijayo, na mavuno yanashuka vibaya. Kama msimu huu huna pesa ya haibridi ni afadhali upande Katumani au hizi KDV, hizo ni za kuzaana wazi na unaweza kuchagua mbegu yako mwenyewe kutoka katikati ya shamba misimu miwili mitatu. Katumani inawalisha watu wa Ukambani tangu miaka ya 60, kuipanda sio aibu, ni hesabu.

Ukinunua, nunua Agosti au Septemba kabla foleni, kwa duka lililosajiliwa, pakiti haijafunguliwa, uchukue risiti. Angalia tarehe. Pakiti iko na lebo ya kukwangua ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu, kwangua utume ile namba kwa 1393 utarudishiwa meseji ya kukuambia mbegu ni gani na loti yake, fanya hivyo ukiwa bado dukani sio nyumbani. Mbegu ya kupimwa kwa gorogoro hata kama ina rangi ya dawa usiguse. Na kabla ya kupanda chukua punje 20 uzifunge kwa kitambaa chenye maji, baada ya siku tano hesabu. Zikiota 18 na zaidi panda bila wasiwasi. Zikiota 12 rudisha na risiti yako.

Kuandaa shamba uzuie kila tone

Mvua ya Ukambani sio kidogo vile watu wanafikiria, shida ni inakuja kwa hasira, nusu saa inamwaga mito, maji yanakimbia yanaenda mto Athi na udongo wako. Kazi yako Septemba na Oktoba mwanzo ni kuyasimamisha.

Kama shamba lina mteremko kwanza tengeneza ile inaitwa "fanya juu". Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima na udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukingo, miaka inavyoenda shamba linajisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Hii Machakos wanaijua kuliko mahali pengi popote duniani, vikundi vya mwethya, vile vya kusaidiana kazi, vimechimba milima mizima. Mkiwa majirani kumi mnachimbiana kwa zamu, mtu mmoja peke yake atakata tamaa. Juu ya ukingo panda nyasi ya ng'ombe ishike udongo.

Ndani ya ngazi una chaguo mbili. Ya kwanza ni matuta yenye vizuizi, unalima na plau ya ng'ombe kupata mifereji, alafu kila hatua mbili unaziba mfereji kwa jembe ili maji yakae kwa vyumba vyumba badala ya kukimbia. Ni rahisi na inafaa shamba kubwa. Ya pili ni mashimo ya zai, wengi huku wanachimba futi 2 kwa futi 2, kina cha futi moja na nusu hivi, ule udongo wa juu wenye rutuba unachanganya na mbolea ya boma unarudisha ndani bila kujaza mpaka juu, inabaki bakuli. Ndani wanapanda mbegu 9, tatu kwa tatu. Zai ni kazi ngumu sana na nitakwambia ukweli usijaribu ekari nzima mwaka wa kwanza, anza robo, lakini hio robo ndio itakuwa na chakula mwaka mbaya ukija. Na shimo ukishachimba unalitumia misimu kadhaa, unaongeza tu samadi.

Udongo wa kule una shida nyingine, unafanya ganda gumu juu baada ya mvua ya kwanza. Mbolea ya boma iliyooza vizuri inasaidia, na majani makavu ya kufunika pia. Mbolea mbichi usiweke, inaunguza na inaleta mchwa na magugu.

Kupanda

Panda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, kama wiki moja hadi mbili kabla ya tarehe ya kawaida ya kwenu. Sababu ni ile hesabu yetu ya siku, ukingoja mvua inyeshe, ardhi ilainike, upate ng'ombe wa kulima na jirani naye anawataka hao hao, umepoteza siku 10 za msimu wa siku 50. Mbegu ya kupanda kavu iingie ndani zaidi, inchi 2 na nusu hadi 3, ndio manyunyu ya kudanganya yasiiamshe alafu ikafia njiani. Ukipanda baada ya mvua inchi 1 na nusu hadi 2 inatosha. Kama huna hakika gawa shamba, nusu kavu, nusu baada ya mvua ya kwanza ya nguvu.

Sikiliza utabiri wa msimu wa idara ya hali ya hewa, ule wa vuli unatolewa kama mwisho wa Agosti au Septemba mwanzo. Wakisema El Niño, kwa huku kwetu vuli mara nyingi inakuwa kubwa, panda kwa nguvu na hata aina ya kukaa muda wa kati. Wakisema La Niña punguza mahindi uongeze mtama na ndengu. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ilifuatana ikiwa mibaya, na La Niña ilikuwa imetangazwa.

Nafasi. Pakiti nyingi zinasema sentimita 75 kwa 25, hio ni mimea zaidi ya 21,000 kwa ekari na ni ya mahali penye maji. Kwako fanya 90 kwa 30, mmea mmoja kwa shimo, inakuja kama 15,000. Watu wanaogopa wakiona shamba liko wazi lakini maji ni yale yale, wagawie wachache washibe. Hindi moja likikupa gramu 100 za punje, mimea 15,000 ni kilo 1,500, magunia 16 ya kilo 90. Mimea 21,000 yenye kiu inaweza kukupa magunzi tu. Tia mbegu mbili, zikifika majani manne ng'oa dhaifu udongo ukiwa na unyevu. Katikati ya mistari weka kunde au ndengu mstari mmoja, na mbaazi kwa umbali mkubwa.

Mbolea ya kupandia tumia DAP au NPK, nusu ya kifuniko cha soda kwa shimo, hio ni kama gramu 3, ekari nzima inakula kilo 45 hivi, gunia moja linatosha. Ongeza konzi mbili za samadi. Funika mbolea na udongo kidogo ndio uweke mbegu, mbolea ikigusa mbegu kwenye udongo mkavu inaiunguza.

Kupalilia na kuongezea

Palilia ya kwanza isipite wiki ya tatu. Kwa mahali pakavu magugu ni mwizi wa maji kuliko hata mwizi wa mbolea. Ukipalilia unavunja na lile ganda la juu, mvua inayofuata inaingia. Palilia ya pili kabla ya maua.

CAN, ile mbolea ya kuongezea, weka mahindi yakifika magotini, kifuniko nusu tena, kwa duara mbali kidogo na shina, na weka tu kama udongo una unyevu. Chimba na kidole au jembe mpaka inchi 4, ukishika udongo ukakaa kwa ngumi weka. Ukimwagika vumbi ngoja. Mvua isiporudi hio CAN weka stoo, funga vizuri, itakufaa msimu ujao.

Viwavijeshi

Viwavijeshi vamizi waliingia Kenya 2017 na hawaondoki tena, kwa hivyo kuwakagua ni kazi ya kila wiki kama kukamua. Kuanzia mahindi yana majani matatu, mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema, tembea shamba kwa mtindo wa herufi W, simama mahali 5, kila mahali angalia mimea 20. Unatafuta madirisha madogo meupe kwenye majani, na uchafu kama vumbi la mbao ndani ya moyo wa mmea. Mfungue umwone mwenyewe, kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa na karibu na mkia madoa manne yamekaa kama kona za sanduku. Mimea ikifika 20 kwa 100 yenye dalili mpya, nyunyiza. Ikiwa chini ya hapo na shamba ni dogo ponda mayai na viwavi kwa mkono, wengine wanaweka mchanga au jivu ndani ya moyo na inasaidia.

Dawa nunua iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, nyunyiza jioni au alfajiri wakiwa nje, elekeza ndani ya moyo, na piga wakiwa wadogo chini ya sentimita moja na nusu. Kiwavi mkubwa amejifungia ndani na kizibo cha uchafu wake, hapo unamwaga pesa. Ukitumia yenye kiambato cha emamektin mara ya kwanza, mara ya pili badilisha kundi usitumie ile ile yenye jina lingine la duka, soma kiambato. Vaa glavu, barakoa na buti, na watoto wakae mbali.

MLN, ule ugonjwa wa mahindi kukauka kuanzia majani ya juu ambao ulionekana Bomet 2011, dawa hauna. Ng'oa mimea ya kwanza kuonyesha dalili na usipande mahindi juu ya mahindi kila msimu, badilisha na ndengu.

Kuvuna na sumukuvu

Hapa naomba usipite haraka. 2004, Makueni na Kitui ndio zilikuwa katikati ya mkasa wa aflatoksini, yaani hio sumukuvu, watu 317 waliugua na 125 wakafa, na walikula mahindi ya nyumbani kwao. Kuvu inayotoa hio sumu inapenda mahindi yaliyoteswa na jua shambani alafu yakahifadhiwa na unyevu, yaani hali yetu kabisa. Sumu yenyewe huioni, na kupika haiitoi.

Kuna Aflasafe KE01, ni kuvu wasio na sumu waliopakwa kwa punje za mtama, unamwaga kwa mkono kilo 4 kwa ekari wiki 2 hadi 3 kabla ya maua udongo ukiwa na unyevu, wanachukua nafasi ya wale wabaya. Ukiipata tumia, majirani mkitumia pamoja ni bora zaidi.

Kujua mahindi yamekomaa, toa punje uangalie pale chini iliposhikana na gunzi, ukiona alama nyeusi imemaliza kujazwa. Usiyaache shambani mwezi mzima yaanguke chini, na usiyarundike kwa udongo. Vuna, menya, anika kwenye turubai. Yaliyooza, yenye ukungu au yaliyotobolewa tenga kabisa, na hayo usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa, sumu inarudi kwa glasi yako.

Kupima bila mashine chukua chupa ya kioo kavu, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu na mahindi kufika theluthi, tikisa vizuri uache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa mahindi bado yako juu ya asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika anika tena siku moja mbili za jua kali ufike 13, ndio uweke.

Kuweka tumia mifuko ya kuzuia hewa kama PICS, ina nailoni mbili ndani. Jaza, kamua hewa, funga ya kwanza kwa kukunja na kamba, alafu ya pili, alafu gunia lenyewe, simamisha juu ya mbao mbali na ukuta. Osama, yule dumuzi anayetoboa punje, akiwa ndani anakosa hewa anakufa bila dawa yoyote. Usifungue kila siku kuchota, tenga mfuko mmoja wa kula. Panya akitoboa hio nailoni kazi imeharibika, kwa hivyo paka awepo.

Mabua nayo usiyachome. Najua ng'ombe ana njaa Februari, basi mpe nusu, nusu nyingine laza katikati ya mistari ifunike udongo. Na kama kuna unyevu umebaki baada ya kuvuna chimba mashimo yako ya zai wakati huo, Agosti ardhi itakuwa kama saruji na vibarua watataka mara mbili.